Ainembabazi na Sindano ya Jovitus

Kuna maneno mawili yananipandisha hasira kila nikiyaona: jamii zisizofikiwa. Yaliandikwa mgongoni mwa fulana za vijana sita walioshuka kijijini kwetu, ng'ambo ya mto Kiruruma, mwezi wa saba mwaka jana. Wanafunzi wa kujitolea, afya ya akili kwa jamii zisizofikiwa. Nikawauliza, zisizofikiwa na nani? Mnunuzi wa kahawa anatufikia. Mgombea anatufikia, tena na spika mbili juu ya gari. Muuza laini za simu anatufikia mpaka mlangoni pa choo. Kisichofika ni dawa, na dawa haina miguu. Kuna mtu alipaswa kuileta akakaa.

Naitwa Placida. Ni nesi wa zahanati, huu ni mwaka wa ishirini na mbili, na siku zote nafanya kazi peke yangu na mhudumu mmoja. Wale vijana nilitaka kuwafukuza. Watano walikaa siku nne, wakapiga picha na watoto, wakapiga picha na mimi nimeshika mzani, wakarudi mjini kwenye nyumba ya wageni yenye maji ya moto. Wa sita alibaki. Huyo ndiye ninayemwandika hapa, kwa sababu nimeisoma ripoti ya mradi wao kurasa zote, na jina lake halimo.

Anaitwa Ainembabazi. Ni binti wa wafugaji wa Bugomora, kule Kyerwa, mrefu, mwembamba, mkaidi kupita kiasi. Alikuwa mwaka wa pili chuo cha afya. Alilala kwenye chumba changu cha nyuma, akala ndizi zangu huku akilalamika kwamba maziwa ya kwetu yana maji. Nilimjibu kwamba ng'ombe wetu pia wanasikia anachosema.

Wiki ya kwanza tu alinieleza kilichomleta, bila mimi kumuuliza, tukimenya ndizi. Shangazi yake Tusiime aliugua akili Ainembabazi akiwa darasa la tano. Ukoo haukusema kwamba anaumwa. Ulisema anaangalia ndama. Alijengewa kibanda ubavuni mwa zizi la ndama, akala huko, akalala huko, miaka sita. Mgeni akiuliza Tusiime yuko wapi, anaambiwa yuko na ndama, na mazungumzo yanaendelea. Siku moja ndama walilia mpaka jua likapanda bila kufunguliwa, watu wakaenda kutazama kuna nini, wakamkuta Tusiime amekufa, tena ameshakuwa wa baridi.

“Walikwenda kuwaangalia ndama, sista,” aliniambia. “Hawakwenda kumwangalia shangazi.”

Niliendelea kumenya.

Mwanzoni alifanya kazi kama alivyofundishwa kwenye semina yao ya siku mbili. Anabisha hodi, anasalimia, anauliza kama kuna mgonjwa wa akili humo ndani. Nyumba arobaini, majibu arobaini ya hapana. Jioni alirudi amenuna. Nikamuuliza, wewe mtoto wa wafugaji, mtu asiyejulikana akija bomani kwenu akauliza kama mna ng'ombe mgonjwa, mnamjibu nini? Akacheka kwa mara ya kwanza tangu afike.

Kesho yake alibadili swali. Alikwenda kisimani, akawasaidia akina mama kujaza madumu, na katikati ya umbea akauliza ni nyumba gani hapa kijijini haijalaza mgeni siku nyingi. Kwetu nyumba isiyolaza mgeni ni jambo la kusemwa. Walimjibu palepale: kwa Anatory. Hata wazee wa kanisa wakienda kusali pale wanawekewa viti uani. Shemeji yake alikuja kutoka Igurwa mvua inanyesha, akapelekwa kulala kwa jirani.

Mimi nimewachanja watoto wanne wa Anatory. Nimekaa kwenye viti vile vya uani. Sikuwahi kujiuliza kwa nini siingizwi ndani. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani hasira yangu ni ya kuwatupia wengine tu.

Tulikwenda pamoja siku ya pili. Anatory ni Mlutheri mzuri, migomba yake imepaliwa, mibuni yake imepogolewa. Mdogo wake Jovitus alikuwa ndani ya stoo ya kahawa nyuma ya jiko, mguu wa kushoto umefungwa mnyororo uliopigiliwa kwenye nguzo. Mnyororo ule zamani ulifungia dume la ng'ombe. Alikuwa amekaa humo miaka saba. Kabla ya kuugua alikuwa fundi wa kujenga, na ukuta wa chumba changu cha wajawazito ameupiga lipu yeye. Miaka saba nimeegemea ukuta wa mtu huyu nikinywa chai, na yeye yuko mwendo wa nusu saa kutoka pale, amefungwa kwa cheni ya mnyama.

“Shikamoo, baba,” Ainembabazi alimsalimia Anatory.

“Marahaba. Naambiwa wewe ni daktari.”

“Bado nasoma.”

“Basi soma kwanza.” Kisha akanigeukia mimi. “Sista, huyu akitoka anavunja. Alimvunja mama bega.”

Mama yao, Eseri, bibi mdogo wa mwili kama mtoto wa darasa la nne, alikuwa amesimama mlangoni pa jiko. Akaitikia kwa kichwa kwamba ni kweli. Halafu akasema polepole kwamba bega lilishapona zamani.

Nilitegemea Ainembabazi amkimbilie mgonjwa, maana vijana wanapenda kukimbilia. Hakufanya hivyo. Aliketi chini mlangoni pa stoo, mgongo kwenye fremu, akakaa karibu saa nzima bila kusema neno. Baadaye nilipomuuliza alisema ng'ombe mgonjwa humwendei, unakaa anapokuona mpaka akuzoee. Mwishowe Jovitus ndiye aliyesema kwanza. Aliitazama ile fremu aliyoiegemea binti, akasema, “Imekaa upande. Aliyeiweka hakutumia timazi.”

“Ingewekwaje?” Ainembabazi akamuuliza. Wakazungumza habari za fremu mpaka mchana.

Mradi ulikuwa na orodha. Jina likiingia kwenye orodha, sindano ya kila mwezi na vidonge vinakuja na pikipiki hadi zahanati. Mratibu wao alikuwa kijana anayeitwa Celestin, mwenye laptopu na viatu visivyojua tope. Alileta daktari mara moja, Jovitus akapimwa, jina likaingia. Nikamchoma sindano ya kwanza mimi mwenyewe, palepale stoo. Ainembabazi akawa anakwenda kila siku na vidonge, anakaa naye, anamzungumzisha taratibu. Wiki ya sita Eseri alifungua fundo la kanga yake, akatoa ufunguo, akafungua kufuli bila kumwomba mwanawe mkubwa ruhusa. Jovitus alitoka akachechemea mpaka kwenye migomba, akakojoa amesimama kama watu. Mimi na Ainembabazi tuligeuka upande mwingine tukajifanya tunaangalia mkungu.

Sasa nifike kwenye kosa. Likizo ilipokaribia kuisha, Ainembabazi aliwakalisha nyumbani kwao akawaeleza yote: tarehe ya sindano, vidonge vya asubuhi, asinywe rubisi wala pombe nyingine. Anatory akauliza, “Tutajuaje kwamba amepona?” Naye akajibu kama kilivyosema kitabu cha semina: “Mtamwona anapenda kazi. Akishika kazi, mjue anapona.” Nilikuwepo. Nilitikisa kichwa kukubali, tena kwa madaha, nesi wa miaka ishirini na kitu. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba tuko kwenye nyumba ya wakulima wa kahawa, na kwamba neno kazi, likitamkwa humo, lina mwezi wake, mwezi wa kuchuma.

Ile sindano inatuliza, lakini pia inalegeza. Jovitus alikuwa anaamka saa tatu. Mikono ilimtetemeka kidogo. Alikwenda kanisani amevaa koti, akakaa benchi la nyuma, akaimba. Alitengeneza ile fremu ya stoo ikanyooka. Kila tarehe yake ilipofika alikuja zahanati na Anatory, akakunja shati mwenyewe. Miezi minane ilipita hivyo, nami nikawa najisifu kwa kila aliyenisikiliza.

Mwezi wa tano mwaka huu kahawa ikaiva. Jovitus akachuma kwa mwendo wake, tunda moja moja, jekundu tu, ndoo moja kutwa. Watoto wa Anatory walimpita. Anatory akamtazama siku mbili tatu, akaona kwamba kinachomchelewesha ni dawa. Basi akaikatisha. Vidonge vikabaki juu ya kabati, na tarehe ya sindano ilipofika hawakuja. Na kweli, baada ya muda Jovitus alichangamka. Akaanza kuamka kabla ya jogoo, akachuma ndoo tatu, nne, tano, akiimba nyimbo za Kwaresima. Anatory akakumbuka maneno ya mwanafunzi: akishika kazi, anapona. Akawaambia majirani kwamba mdogo wake amepona kabisa. Wengine walikuja kumpongeza.

Nilipomuuliza barabarani mbona hawaji, aliniambia, “Yuko Igurwa kwa mjomba, sista, anasaidia kujenga. Amepona yule.” Nikaandika kwenye kadi: yuko safarini. Mwezi uliofuata nikaandika vilevile. Nyumba yao iko mwendo wa nusu saa, lakini nilikuwa na foleni ya watoto wa surua, na jibu lile lilinifaa. Ndivyo ilivyokuwa, sitaki kuipamba.

Ainembabazi alirudi mwezi wa saba, likizo ya mwaka wa tatu. Safari hii alikuwa peke yake, wale watano wamepata kwingine pa kupiga picha. Aliweka begi kwangu, hakunywa hata maji, akaenda. Baada ya saa moja alirudi anakimbia.

“Sista, alikwambia yuko Igurwa?”

“Ndiyo.”

“Njoo uone Igurwa.”

Jovitus alikuwa ndani ya shamba la jirani yao, Kashaija, juu ya mbuni. Alikuwa hachumi, alikuwa anapukutisha: mbivu, mbichi, majani, vijiti, vyote kwa pamoja. Vidole vinatoka damu. Alikuwa amemaliza shamba lote la kaka yake, akavuka mpaka bila kuomba, na mibuni kama arobaini ya Kashaija ilikuwa imesimama uchi. Alimtambua binti mara moja.

“Babazi,” alisema bila kusimamisha mikono, “sina muda wa kukaa. Niko mbioni kumaliza.”

Kashaija hakuwa mtu mbaya, lakini kahawa ile ndiyo ilikuwa mwaka wake mzima. Alipiga kelele kijiji kikasikia, akapeleka malalamiko kwa ukoo wa akina Anatory. Ukoo ukaitisha kikao Jumapili baada ya ibada. Tulipofika, Anatory alikuwa ameshatoa mnyororo, umekaa juu ya jiwe mlangoni pa stoo, na kufuli limepakwa mafuta ili lisisumbue. Niliuona mnyororo ule nikatamani kumchapa mtu. Kikao bado hakijaanza, na hukumu imeshapakwa mafuta!

Kwetu kikao hakifunguliwi kwa maneno. Kinafunguliwa kwa kahawa ya kutafuna, yaani matunda yaliyochemshwa na majani yakakaushwa, yanayopitishwa kwenye kikapu kidogo. Kila aliyemo kwenye kikao anachukua mbili au tatu. Anayerukwa hayumo. Anaweza kuwa ameketi hapohapo, watu wanamwona, lakini hataulizwa kitu na akisema hasikilizwi. Mgeni ndiye anayepewa kwanza, na mgeni akiwa hajatafuna, mwenye nyumba hawezi kuanza kikao. Ainembabazi hakukulia kwenye kahawa, alikulia kwenye maziwa. Desturi hii aliijulia nyumbani kwangu.

Mke wa Anatory akaleta kikapu. Nikachukua, nikatafuna. Ainembabazi akachukua tatu, akazishika kiganjani. Kikapu kikazunguka kwa wazee, kwa Kashaija, kwa Anatory. Jovitus alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa karibu na jiko, goti linatikisika, macho hayatulii. Kikapu kikampita, kikarudi ndani.

Mkubwa wa ukoo akakohoa, akajiandaa, halafu akaona mkono wa mgeni umefumbwa.

“Binti, mbona hutafuni? Ni chungu?”

“Si chungu, babu. Namsubiri mwenzangu.”

“Mwenzako yupi?”

“Jovitus hajapata.”

Wengine walicheka. Anatory hakucheka. “Huyo ni mgonjwa,” alisema.

“Mimi ni mtoto, tena wa Bugomora, nisiyejua hata kupogoa mbuni, na nimepewa,” Ainembabazi akajibu. “Kikao hiki ni cha kuhusu mguu wa nani?”

Aliendelea kushika kahawa yake. Jua lilikuwa kali, wazee wanajifuta jasho, na hakuna aliyeweza kuanza. Mmoja akanong'ona kwamba huu ni utovu wa adabu wa wafugaji. Hapo nami nikatema kahawa yangu kiganjani, nikaishika, nesi mzima, mama wa kanisa. Haikuwa jambo la kupendeza kutazama, lakini sijutii.

Aliyemaliza mkwamo ule ni Eseri. Aliinuka na fimbo yake, akaingia ndani, akatoka na kikapu, akakipeleka mwenyewe hadi kwenye ndoo alikoketi mwanawe. “Mwana wange, chukua,” alisema. Jovitus akakamata konzi nzima. Halafu akaiangalia, akarudisha zote, akabaki na mbili. Akatafuna. Ainembabazi naye akatafuna, uso umekunjamana kwa uchungu wa zile kahawa, na kikao kikaanza.

Kashaija alieleza hasara yake, na kila alichosema kilikuwa kweli. Anatory akasema hana njia nyingine, mnyororo utarudi mpaka kahawa iishe, kisha wataona.

Ainembabazi akasimama. “Mmemwachisha dawa ili awachumie,” alisema. “Alikuwa mzima kwa miezi minane. Mmemtumia kama panga, sasa panga limewakata mnalifunga!”

“Wewe ndiye uliyesema,” Anatory akamjibu. Hakupandisha sauti. “Ulikaa pale, kwenye kigoda kile. Akishika kazi, mjue anapona. Ameshika kazi. Mimi nilifanya ulichosema, mwalimu.”

Nilidhani atalia. Mimi ningelia. Badala yake alisema, “Ni kweli. Nilisema. Niliwapa kipimo kibaya, na sikufikiria kahawa. Naomba msamaha kwenu, na kwa mzee Kashaija, na kwa Jovitus. Lakini nimekosea mimi, na wewe umekosea, na sista amekosea, halafu mguu unaofungwa ni wa Jovitus. Ameshatafuna. Muulizeni yeye.”

Mkubwa wa ukoo hakupenda, lakini kahawa ilikuwa imeliwa. “Jovitus,” alisema, “una neno?”

Jovitus alikuwa na maneno mengi mno. Yalitoka kwa kasi, yakikanyagana: timazi, lipu, wimbo wa mia na kitu, tembo wa Burigi, kuta. Watu wakaanza kutazama chini. Anatory akanyoosha mkono kama anayesema, mnaona? Kisha, katikati ya yale, mdogo wake akamtazama usoni.

“Mwezi wa tano nilikwambia tarehe yangu imefika. Nilikwambia mara tatu. Nikasema, kaka, kichwa kinaanza, nipeleke nikachomwe. Ukasema subiri kahawa iishe. Nikaenda peke yangu, ukanikuta barabarani ukanirudisha. Ukasema kahawa iishe kwanza. Basi nimeimaliza. Ya kwako nimeimaliza. Nikaona ya Kashaija bado, nikasema isije ikawa sababu, nikaimaliza na hiyo. Haijabaki. Nipeleke sasa.”

Miezi miwili mtu tuliyemwita kichaa alikuwa ndiye pekee kwenye boma lile anayejua anaumwa nini na kinachomponya ni nini, akakiomba kwa adabu, akaambiwa asubiri mavuno. Wenye akili timamu ndio waliomkatalia. Na mimi mwenye kabati la dawa nilikuwa naandika yuko safarini.

Kashaija ndiye aliyesema kwanza. “Kahawa yangu imekwenda,” alisema. “Nitaumia, lakini nitachuma mwakani. Mnyororo ule ukirudi kwenye mguu wa huyu, mimi sitakanyaga hapa tena, hata kwa msiba.” Jirani anapokwambia kwamba hatakuja kukuzika, umefika mwisho wa barabara. Anatory aliinamisha kichwa. Nadhani alikuwa analia, na siwezi kusema nilimhurumia siku ile. Siku hizi namhurumia kidogo.

Kwenye kabati langu ilibaki sindano moja ya Jovitus, ya mwezi ule, zile za miezi aliyoruka mradi ulishazichukua. Nikamchoma jioni ileile. Mnyororo haukufungwa. Ainembabazi akarudi kwenye kazi yake ya kukaa mlangoni, kila siku, mpaka wiki ya tatu maneno ya Jovitus yakaacha kukanyagana. Anatory alianza kwenda kumsaidia Kashaija kupalilia, bila kuombwa.

Ningependa kuishia hapo. Lakini mwisho wa mwezi Celestin alikuja na fomu. Kwa kila mgonjwa kulikuwa na visanduku vitatu: amepona, anaendelea na dawa, amekataa dawa. Kwa Jovitus, kwa sababu ya miezi miwili aliyoruka, akaweka alama kwenye cha tatu, akamsogezea Ainembabazi kalamu atie sahihi.

“Hakukataa,” alisema binti. “Alinyimwa.”

“Hakuna kisanduku cha kunyimwa, dada.”

“Kichore.”

“Fomu haichorwi.”

Basi akaandika pembeni kwa mkono wake: mgonjwa aliomba dawa mara tatu, akazuiwa, sasa anaendelea. Celestin akasema fomu imeharibika. Akatoa nyingine, akajaza mwenyewe, akaondoka nayo bila sahihi ya mtu aliyemwona mgonjwa. Akamwambia kwamba cheti cha kujitolea hutolewa kwa waliokamilisha fomu. Ainembabazi alimjibu kwamba hata hivyo hana pa kukitundika.

Sasa nawaambia ya Alhamisi iliyopita, iliyonifanya nishike kalamu. Ilikuwa tarehe ya Jovitus, na pia siku ya Ainembabazi kurudi chuoni; begi lake lilikuwa mlangoni pa zahanati akisubiri pikipiki ya kumpeleka stendi. Jovitus alifika kabla sijafungua. Alikuja kwa miguu, peke yake, amevaa koti la kanisani, ameshakunja mkono wa shati. Pikipiki ya mradi ikaja na boksi. Nikalifungua. Majina kumi na moja, lake halimo. Nikatoa kila kitu mezani, nikahesabu tena, nikageuza boksi chini juu.

Nikampigia Celestin. Akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba orodha mpya inaonyesha mgonjwa huyo amekataa dawa, kwa hiyo nafasi yake amepewa mgonjwa mwingine. Nikamwambia mgonjwa amekaa mbele yangu mkono wazi. Akasema anaelewa, lakini taarifa ndivyo zilivyo, labda robo ijayo. Robo ijayo! Niliyomjibu siwezi kuyaandika hapa. Wajawazito waliokuwa kwenye foleni waliziba masikio ya watoto wao.

Ainembabazi alinishika mkono. “Sista, nipe,” alisema. Nilidhani anataka kumalizia matusi. Aliichukua simu kwangu, hakuisogeza sikioni kwake, akampa Jovitus.

Jovitus aliishika kwa mikono miwili, mikono yake ile inayotetemeka kidogo. Akajikohoza.

“Habari za kazi, mratibu,” alisema. “Mimi ni Jovitus. Leo ni tarehe yangu na nimekuja.” Akasikiliza kidogo. “Hapana. Sijakataa.”

Kisha akaketi kwenye benchi, simu sikioni, akisubiri ajibiwe.